Siku tatu Portsmouth: meli za kale, mvule na mzamiaji wa kwanza

IJUMAA

Wazo lilikuwa la Mpemba, naliandika hapa mwanzoni kabisa ili lawama zikianza zijue pa kwenda. Sisi wengine tulishapanga wikiendi ya kulala na kupika pilau kwangu, yeye akaja na stori kwamba yuko Uingereza mwaka wa tisa sasa hajaiona HMS Victory, manowari ya kale ya Waingereza iliyoko Portsmouth, na baba yake kule Pemba, mzee fundi wa majahazi, kila wakiongea kwenye simu anauliza ushaiona ile meli yao ya mbao au bado. Sasa ukiulizwa na baba miaka tisa hilo si swali tena, ni deni. Tukasema poa, twende tukalipe deni la watu.

Msafara ulikuwa watu wanne. Mpemba mwenyewe. Ngosha, kazaliwa Magu, mpaka anafika miaka ishirini maji makubwa aliyoyajua ni ya Ziwa Victoria na mpaka leo anabisha kwamba bahari ni ziwa lililotiwa chumvi tu. Dada yetu wa Mombasa tunayemwita Bi Mvita. Na mimi mtoto wa Tanga, kazi yangu kushika tiketi na kutafuta msosi.

Treni kutoka Waterloo ni saa moja na nusu hivi na tuliisimamia nusu ya njia maana Ijumaa jioni London nzima inakimbia mji. Ukifika usishuke kituo cha kwanza cha Portsmouth, nenda mpaka mwisho kabisa, Portsmouth Harbour. Hicho kituo kimekaa juu ya nguzo baharini, unashuka kwenye treni unachungulia upenyoni unaona maji meusi yanacheza chini yako, Ngosha akaacha kuongea ghafla. Halafu unainua macho, jamani, HMS Warrior, manowari nyingine ya kale, hiyo hapo, imewashiwa taa, milingoti mitatu na lile tumbo jeusi refu, karibu kiasi kwamba unaona kama ukirusha kandambili itatua kwenye sitaha. Tukapiga picha kama arobaini, zote zimetoka na ukungu.

Nyumba ya wageni siitaji jina. Tuliweka oda vyumba viwili, Bi Mvita peke yake na sisi wanaume watatu chumba cha vitanda vitatu, tukakuta vitanda viwili, na chumba cha Bi Mvita hita imekufa. Mwenyewe akaomba radhi vizuri sana akatuletea blanketi moja, kisha hatukumwona tena mpaka asubuhi. Saa tano usiku mlango wetu ukagongwa: “Nyinyi, hilo blanketi mwanipa ama nije nilichukue?” Likatoka. Mimi nililala chini nimejifunika koti, Oktoba hii, miaka yangu hii.

JUMAMOSI

Mvua. Sio ile ya kwetu inayopiga ikaisha, hii ya huku ya kunyunyiza inayoingia mpaka kwenye soksi. Tiketi ya meli zote bei yake sio ya kitoto ila ni ya mwaka mzima, unaweza kurudi ukitaka, nimeitunza kwenye pochi na nitaeleza kwa nini.

Mpemba hakutaka kusikia habari ya meli nyingine, moja kwa moja Victory. Sasa kama umeizoea kwenye picha, milingoti, kamba, mistari ya njano na nyeusi, utashtuka maana tulichokuta ni jengo la vyuma na turubai. Vipande vya juu vya milingoti walishaviteremsha 2011, na ule mlingoti mkubwa wa katikati wakautoa 2021, na sasa wako kwenye matengenezo ya miaka kumi na zaidi, wanavua mbao za ubavuni wanatoa zilizooza. Bi Mvita akasema “Tumekuja kutazama hema?” Mimi nikaanza kumwonea huruma Mpemba, nikageuka, nikamkuta anacheka peke yake.

“Afadhali yakhe,” ananiambia, “chombo kilichovaa utakionaje?”

Na kweli, pale walipotoa mbao unaona mifupa yenyewe. Akaanza kutaja kimoja kimoja kama anaita ndugu zake kwenye harusi: mkuku ule (uti wa mgongo wa chombo), mataruma yale (mbavu zake), omo kule mbele, tezi huku nyuma. Tukashuka mpaka chini kwenye gudi, lile shimo kavu la kuwekea meli, ambako meli imekaa tangu 1922, ukisimama pale tumbo la tani 3,500 liko juu ya kichwa chako limeshikiliwa na miguu ya chuma 134. Kila mguu una kipimo kinachosoma uzito unaoubeba. Zamani ilikaa kwenye vitako vichache vya chuma ikawa inajilalia na kupinda kwa uzito wake yenyewe, hiyo miguu imewekwa isambaze mzigo kama maji yanavyofanya. Mpemba akaushika mmoja akasema haya si mengine, ni magadi. Ndiyo magadi yaleyale ya kuegemezea jahazi likipwelewa, tofauti sisi tunakata mti wa mkoko na hatuna kipimo zaidi ya jicho la mzee.

Historia kwa kifupi: mkuku ulilazwa 1759 kule Chatham, meli ikashushwa majini 1765, ilikula miti kama 6,000, mingi mwaloni. Mizinga 104 wakati wa vita ya baharini ya Trafalgar na watu 821 ndani. Ukiingia sitaha za chini ndio unaelewa hiyo namba maana yake nini, dari liko chini mno, kila baharia alipewa upana wa sentimita 35 hivi wa kutundika kitanda chake cha turubai, juu ya mizinga, na hapohapo kula na hapohapo kupigana. Ngosha ana futi sita na kitu. Alijigonga sitaha ya kwanza, akajigonga ya pili, ya tatu akawa anatembea ameinama kama anaingia kwa wakwe, na bado akajigonga.

Lakini kilichotuweka pale muda mrefu sio Nelson, amiri wao wa Trafalgar, ni kipande cha ubao. Kuna mzee mmoja wa kujitolea anasimama kueleza wageni, alipoona Mpemba anapapasa viungo vya mbao badala ya kupiga selfi akamsogelea, wakaanza kuongea wawili hao, sisi tumesahaulika. Mzee akaeleza kwamba mwaloni unaliwa na mdudu na kuoza kwa ukungu, kwa hiyo kwenye matengenezo makubwa ya kati ya 1955 na 1964 walitoa mwaloni mwingi uliooza wakaweka mbao ngumu zenye mafuta, waliamini zitastahimili zaidi, mtiki na nyingine inaitwa “iroko”. Mpemba hilo jina hakulijua. Akatoa simu, akatafuta, ikaja picha ya mti na picha ya ubao uliopigwa randa, ule ubao wa dhahabu unaoelekea kahawia.

“Mvule!”

Alipiga kelele kweli, mama mmoja na watoto wake wakageuka. Mvule. Mti wa milango ya kwetu, mti wa kabati la bibi, mti ambao baba yake akiupata kwa kuundia anashukuru Mungu. Sijui kama umeshawahi kuona mtu mzima anainama ananusa meli. Alinusa. Akasema hauna harufu tena. Mzee wa kujitolea naye akanusa, sijui kwa heshima au kwa udadisi, akamuuliza kwenu mnaziba vipi maungio, Mpemba akaeleza pamba iliyolowekwa mafuta inagongwa kwa patasi, ndiyo kalafati, halafu sifa, mafuta ya papa, kwa juu, na sehemu ya chini ya maji deheni, chokaa na mafuta ya mnyama. Mimi ndiye mkalimani wa “deheni” na nilishindwa, nikaonyesha kwa mikono. Mzee akasema wao walitumia nyuzi za kamba kuukuu zilizochambuliwa na lami. Wakapeana mikono kama wamemaliza mahari.

Nelson tulimpitia. Kuna kibati juu ya sitaha pale alipoanguka, tarehe 21 Oktoba 1805, risasi ilitoka juu kwenye mlingoti wa meli ya Kifaransa, wakamshusha chini kabisa kusikoingia mizinga akafa baada ya masaa kama matatu, vita ameshaishinda. Kwa sababu hakutaka kuzikwa baharini mwili wakauweka ndani ya pipa la brandi mpaka Uingereza. Bi Mvita hapo alisimama. “Amiri mzima? Katiwa kwenye pombe kama embe la achari?” Hakuipokea hiyo mpaka leo. Na kwenye orodha ya mabaharia wa siku ile, Waingereza wamejaa lakini kuna Wamarekani 22, kuna Wahindi, watu wa Karibiani, na Mwafrika mmoja. Mmoja tu, hata hajaandikwa wa wapi.

Tukiwa pale juu Mpemba akatukumbusha kwamba dubwana la aina hii kwao si geni. HMS London, ya mbao na sitaha mbili za mizinga, iliwekwa bandarini Unguja tangu 1874 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880, kama kituo cha kuwinda majahazi yaliyobeba watumwa, na mashua zake zikizunguka mpaka Pemba. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa huko Pemba Desemba 1881 akijaribu kukagua jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Na upande mwingine Sayyid Said naye miaka ya 1830 alimzawadia mfalme wa Uingereza manowari ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay, wakaibadilisha jina ikaitwa HMS Imaum. Yaani hawa watu na sisi tumepeana meli na kupigana juu ya meli muda mrefu, ni vile tu kwenye kuta za huku hutaiona hiyo sehemu.

Mchana chipsi na samaki kwenye benchi, shakwe akashuka akachukua samaki mzima wa Ngosha mkononi. Mkononi! Ngosha akasema ziwani hakuna ujinga huu.

Mary Rose. Hapa nitajaribu kueleza. Ni meli ya mfalme Henry VIII, iliundwa hapahapa Portsmouth kuanzia kama 1510, ikazama tarehe 19 Julai 1545 hapo nje tu, wakipigana na Wafaransa, mfalme mwenyewe anatazama akiwa ufukweni. Iligeuka, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ya chini, na juu kulikuwa na wavu wa kuzuia maadui wasirukie ndani, sasa ule wavu ukawafungia wenyewe. Watu kama 500, waliopona hawafiki 35. Ikalala kwenye tope mpaka walipoinyanyua Oktoba 1982, na kilichobaki ni nusu, ubavu wa kulia uliofukiwa. Ule wa kushoto uliliwa.

Unaingia gizani, upande mmoja vioo, na nyuma ya vioo ile nusu ya meli imesimama na taa hafifu. Ngosha alipouliza wameikaushaje tukasoma: waliinyunyizia maji ya baridi miaka, kisha tangu 1994 wakanyunyizia aina ya nta inayoyeyuka kwenye maji, usiku na mchana, mpaka 2013, ndipo wakaanza kuianika kwa hewa. Miaka thelathini ya kulowesha mbao ili zisikauke vibaya. Akasema kwao dagaa siku mbili tu juani. Tulicheka, ila ile meli inakunyamazisha. Vitu walivyotoa ni zaidi ya 19,000 na sio dhahabu, ni viatu, bakuli za mbao, ubao wa bao lao fulani la kete, sanduku la tabibu, pinde na mishale maelfu. Vitana vya mbao vya kuchania chawa, na vingine chawa wamo bado, wa mwaka 1545. Na mifupa ya kambwa kadogo ka melini. Bi Mvita alikaa mbele ya kale kambwa muda mrefu kuliko mbele ya mizinga, na mwenyewe hapendi mbwa.

Mpemba yeye alitaka kujua misumari. Pale kuna misumari ya mti, inayoshika mbao kwa mbao, na akasema mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulikuwa hauna hata msumari mmoja wa chuma, unashonwa kwa kamba za makumbi, mkuku mpaka juu. Ule mtepe mkubwa wa mfano uliokuwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib Unguja alikwenda kuuona na skuli. Nikamkumbusha jengo liliporomoka upande mmoja Desemba 2020. “Najua,” akasema, tukaenda kwenye viatu.

Hapo nikatoa stori yangu niliyoisoma kabla ya safari. Mwaka 1547, miaka miwili tu baada ya meli kuzama, waliajiri kundi la wazamiaji chini ya Mtaliano wa Venice waje kuokoa mizinga ya Mary Rose, na kiongozi wa wazamiaji alikuwa Mwafrika, Jacques Francis, kijana wa kama miaka ishirini kutoka kisiwa cha Arguin, pwani ya Mauritania. Watu wa huku kuogelea wengi hawakujua, achilia mbali kupiga mbizi na kufungua macho chini. Mwaka 1548 tajiri wake akashtakiwa wizi wa mali ya meli nyingine iliyozama, Francis akaenda mahakamani London kutoa ushahidi kwa mkalimani. Wapinzani wakasema huyu mtumwa, si Mkristo, asisikilizwe. Akasikilizwa, maneno yake yamo kwenye kumbukumbu za mahakama mpaka leo.

Ngosha akafikiria. “Kwa hiyo mzamiaji wa kwanza kutoka Afrika alizamia kweli. Na maji kabisa.”

Kama umekulia Dar au Tanga unajua kuzamia ni nini, vijana wetu wangapi walijificha kwenye meli kuja Ulaya na wangapi hawakufika. Tulicheka mpaka mlinzi akatutazama, halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana mjomba wangu mimi mwenyewe alizamia 1989 na ndiye aliyeniandikia barua ya kwanza yenye stempu ya malkia.

Usiku pilau hakuna, tukala baga. Hita ya Bi Mvita bado.

JUMAPILI

Jua! Warrior asubuhi, na hii haina hema. Ya 1860, manowari ya kwanza ya Waingereza yenye tumbo la chuma na ngao ya chuma, unene sentimita 11 na nyuma yake mtiki karibu nusu mita. (Mtiki tena. Tanga tuna mashamba yake pale Longuza, nikajisikia kidogo.) Siku ya kuishusha baridi ilikuwa kali mno ikaganda kwenye njia yake, ikabidi ivutwe na kusukumwa. Waliiunda kuwatisha Wafaransa, ikatisha kweli, haikupiga risasi vitani hata siku moja, na baada ya miaka michache tu ikapitwa na wakati. Kuanzia 1929 iliwekwa Wales ikawa gati la kuelea la meli za mafuta, nusu karne watu wanatembea juu yake na mabomba, na ndiyo ilivyonusurika vyuma chakavu. Safi mno sasa, shaba zinang'aa, meza zimepangwa katikati ya mizinga kama mgahawa. Mpemba aliipa dakika ishirini. Hana habari na chuma.

Ila mimi nilikuwa naisubiri M.33, kimeli kidogo kimepakwa mistari ya ajabu ya nyeusi na nyeupe, wageni wengi wanakipita tu. Kiliundwa wiki saba mwaka 1915 kikapelekwa Gallipoli, Uturuki. Unashuka chini ya gudi unakitazama tumboni, ni bapa kama sinia. Ndiyo maana yake, kiingie maji mafupi karibu na nchi kikiwa na mizinga mikubwa. Sasa vyombo vya namna hiyo, Severn na Mersey, vikubwa kuliko hiki, ndivyo vilivyoingia delta ya Rufiji mwezi Julai mwaka huohuo vikaimaliza manowari Königsberg ya Wajerumani, iliyojificha mle kwenye mikoko miezi na miezi baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja Septemba 1914. Meli ya kawaida isingepita.

Bi Mvita akaruka: “Ile mizinga miwili ya Fort Jesus!” Ndiyo hiyohiyo, mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus, maadui wamekaa pamoja pale, na kumbe shule ya msingi alipandishwa juu ya mmoja akapigwa picha na mwalimu, hakujua ni upi. Wajerumani waliikokota mizinga ya Königsberg kutoka mtoni wakapigana nayo nchi kavu, na mmoja ukafungwa kwenye ile meli yao ya Kigoma ambayo leo ni Liemba. Hapo Ngosha akapata pa kusimama, akasema nyie wa pwani mnasifia meli zilizopandishwa ukutani, sisi bara yetu ilizamishwa, ikaibuliwa, na ikabeba abiria karibu miaka mia. Hatukuwa na jibu.

Mchana tulivuka na boti kwenda Gosport kuona nyambizi, Alliance. Nitasema tu kwamba Mpemba aliingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila kusimama, harufu ya dizeli na vitanda vimebanana kama trei za mayai.

Kwenye treni ya kurudi tukapata viti vinne vya kutazamana. Saa kumi na moja, Pemba saa moja usiku, mzee ametoka kuswali Magharibi. Mpemba akapiga, akaweka sauti ya nje, tukaamkia wote, shikamoo mzee, marahaba wanangu, mpo salama. Akaelezwa yote. Magadi 134 akasema mengi. Kwamba ipo juu ya magadi tangu 1922 haigusi maji, akanyamaza kidogo akasema “Maskini.” Halafu Mpemba akaitoa ile aliyoibana siku mbili, baba, wameweka mvule.

“Mvule?”

“Mvule baba, nimeunusa.”

“Wameutoa wapi?”

Mpemba akatutazama. Mimi nikamtazama Ngosha. Kuhusu deheni tuliongea, kuhusu misumari, hata embe la achari, hilo hakuna aliyeuliza.

“Sikuuliza baba.”

“Basi hujaiona,” mzee akasema, bila ukali wowote. “Rudi ukaulize.”

Nikatoa pochi, nikazihesabu zile tiketi. Zote nne zipo.